Daftari la Mwendesha Pampu

Kuanzia mwaka 1993 hadi 1997 nilikuwa mhazini wa kamati ya maji ya kijiji chetu, upande wa Dodoma. Nalitaja hili mapema, ndugu msomaji, usije ukadhani kwamba lawama iliyomo humu namtupia mtu mwingine.

Tulikuwa na kisima kirefu, mashine ya dizeli ya kuvuta maji, tangi, na vituo sita vya bomba. Vilijengwa chini ya ule mpango wa mwaka 1971 uliokusudia kwamba baada ya miaka 20 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi si zaidi ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Mwaka 1991 ulipowadia, miradi mingi iliyokwisha kujengwa ilikuwa imesimama: maji yamo ardhini, lakini hakuna spea, hakuna dizeli, hakuna mtunzaji. Ndipo sera mpya ikatutaka wanavijiji tuchangie. Tukaanza kulipa shilingi 10 kwa ndoo, nami nikakabidhiwa kisanduku na ufunguo wake.

Mwendesha pampu wetu alikuwa mzee aliyeishia darasa la nne. Alikuwa na daftari la shule ambamo aliandika saa ambazo mashine ilifanya kazi kila siku. Kwa kawaida zilikuwa saa sita. Zikitimia 250, yaani baada ya wiki sita hivi, alibadilisha oili, mvua inyeshe au jua liwake. Siku moja alinieleza jambo ambalo baadaye nilisikia mhandisi akilieleza kwenye semina kwa siku mbili nzima.

"Mwalimu," aliniambia, "vitu hivi vyote vilizinduliwa siku moja, lakini havitakufa siku moja. Kisima kitatuzika mimi na wewe. Mabomba yatawaona wajukuu. Mashine ni ya miaka tu, na wosha ya bomba ni ya miezi. Kila kimoja kinataka pesa yake iwe tayari kabla siku yake haijafika."

Mwaka 1995 mashine ilianza kutoa moshi wa samawati na kunywa oili. Mzee akaomba ringi za pistoni na beringi. Kisanduku kilikuwa na pesa za kutosha. Lakini shule yetu, ambayo mimi nilikuwa mwalimu wake, ilikuwa na darasa lililofika usawa wa madirisha tu, na tulikuwa tumeahidiwa mgeni wa heshima. Darasa huonekana, na mgeni hukata utepe. Sijapata kuona utepe ukikatwa kwa ajili ya ringi. Nikasimama kikaoni nikasema kwamba mashine bado inanguruma na pesa zimelala bure.

"Hazijalala, mwalimu," mzee akasema. "Zinasubiri."

Watu walicheka. Darasa likaezekwa.

Krenki ilivunjika Septemba 1996, katikati ya kiangazi. Ringi na beringi zingegharimu sehemu ndogo tu ya mashine nzima. Sasa tulihitaji mashine nzima. Kwa miezi 14 kina mama na mabinti walirudi kufukua mchanga wa korongo usiku wa manane, wakingoja maji yachuruzike kata kwa kata. Nami kila asubuhi niliingia katika lile darasa jipya lililonukia rangi na kuita mahudhurio. Wavulana waliitikia. Kwa wasichana nilichora alama ya utoro kwa mkono wangu, jina kwa jina. Wanne kati yao hawakurudi tena.

Kwa muda mrefu nilidhani huu ni ugonjwa wa maskini. Halafu tarehe 14 Agosti 2018 daraja la Genoa, Italia, lililofunguliwa mwaka 1967, likaanguka na kuua watu 43. Mbunifu wake, Riccardo Morandi, alikuwa ameonya tangu mwaka 1979 kuhusu kutu. Niliposikia habari hizo redioni nilimkumbuka mzee wetu na moshi wake wa samawati.

Siku hizi kijiji kina pampu ya umeme wa jua. Mhazini ni binti mmoja mkali kidogo, na sijawahi kumshauri lolote.

Mzee alipofariki, mwanawe aliniletea lile daftari, akidhani ningependa kuwa na kumbukumbu. Nimelisoma lote. Saa zimejumlishwa kwa uangalifu hadi siku ya mwisho. Katika kurasa nne mzee ameandika kwa herufi kubwa: RINGI NA BERINGI. Chini ya kila ombi, kama utaratibu wa kamati ulivyotaka, pana neno moja, "Nimeona", na sahihi yangu.