Bino au Skopu

Kiswahili kina neno moja, darubini, na neno lenyewe limesafiri kutoka Uajemi: dur ni mbali, bin ni kuona. Shida ni kwamba linabeba vyombo viwili. Kuna ile ya macho mawili unayoning'iniza shingoni, ambayo sisi tunaotembeza wageni Nakuru tunaiita bino. Halafu kuna ile ya jicho moja, nene kama chupa ya chai, inayokaa juu ya miguu mitatu. Hiyo ni skopu.

Mwaka jana mwongozaji mmoja mzee alikuwa anastaafu na kuuza zote mbili. Bino 30,000, skopu 36,000. Mimi nilikuwa na 38,000, akiba ya msimu mzima. Akanipa wiki moja nichague.

Nikaingia mtandaoni kama kila mtu. Ushauri mwingi nilioukuta ulikuwa wa wawindaji wa kulungu huko Marekani. Yule kulungu wao mwenye pembe za matawi, zinazodondoka kila mwaka na kuota upya, hapa Kenya hatuna. Sisi tuna swala, kuro na pofu, na pembe zao ni zilezile hadi kufa. Lakini hoja ya wale jamaa ilieleweka. Bino ni ya kutafuta. Skopu ni ya kumpima uliyeshampata: ana umri gani, pembe zina matawi mangapi, anafaa kufuatwa ama la. Kwao skopu inaokoa miguu, maana kupanda mlima saa mbili kumfuata mnyama ambaye hutampiga ni kazi bure.

Sawa, lakini mimi sina wa kumpiga. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyamapori Mei 1977, mama yangu akiwa bado mtoto. Kwetu mtu pekee aliyeujua mchezo huo ni Guka, aliyekuwa akifuata nyayo na kubeba mizigo ya wawindaji. Marufuku ilimkuta na miaka 24. Baadhi ya wenzake walivuka kwenda Tanzania, ambako uwindaji wa leseni upo hadi leo. Yeye alirudi Njoro kulima viazi. Sijawahi kumsikia akisema sheria ile ilikuwa nzuri au mbaya. Husema tu, "Asubuhi nilikuwa na kazi, jioni sina."

Nikaenda kumuuliza.

"Guka, wale wazungu walikuwa wanatumia gani?"

"Ya shingoni. Ile ndefu ilibaki kwa gari."

"Mbona?"

"Kwa sababu mnyama si yule mmoja unayemtaka. Kuna jike amesimama kando anakuangalia. Kuna ndege mgongoni mwa nyati, akiruka na kelele umeisha. Kuna nyasi zinakuonyesha upepo unaenda wapi. Ukitumbukiza jicho kwa ile ndefu, hao wote hawapo."

Hesabu zinamuunga mkono. Bino ile ilikuwa imeandikwa 8x42. Maana yake, inakuza mara 8, na lenzi ya mbele ina upana wa milimita 42. Gawa 42 kwa 8 unapata milimita 5 na kidogo, huo ndio upana wa mwanga unaofika jichoni, na unatosha hata alfajiri wakati chui bado yuko barabarani. Skopu ilikuwa 20-60x80. Ukiisukuma hadi mara 60, mwanga unabaki milimita 1.3. Picha inakuwa kubwa lakini ya giza, na upepo kidogo tu ukigusa miguu yake kila kitu kinatetemeka. Isitoshe, inapofika saa nne asubuhi, ukingo wa ziwa la magadi umeshapata joto na hewa inacheza. Skopu haikuzi ndege peke yake, inakuza na ile hewa. Flamingo anageuka kuwa uji wa rangi ya waridi.

Lakini msiidharau skopu. Kila Januari, KWS na Makavazi ya Kitaifa pamoja na watu wa kujitolea huhesabu ndege wa majini kwenye maziwa ya Bonde la Ufa. Siku hiyo bino inakuacha njiani. Flamingo mdogo ana mdomo mwekundu uliokolea, karibu mweusi. Yule mkubwa mdomo wake ni wa waridi, ncha ndiyo nyeusi. Wakiwa kilomita moja kutoka ukingoni, bino inakupa utepe wa rangi tu. Skopu inakupa mdomo.

Na tofauti hiyo si ya kujionyesha. Kuanzia karibu 2010 maji ya Ziwa Nakuru yalipanda, yakafunika lango kuu la zamani na kuua migunga ambayo mashina yake bado yamesimama majini. Chumvi ikapungua, mwani wanaokula flamingo ukapungua, nao wakaenda. Hapa mjini watu wakasema ndege wamekwisha. Kumbe wengi walikuwa wamehamia maziwa mengine kama Bogoria. Bila mtu wa kuhesabu ziwa moja baada ya jingine, kuhama na kufa vinafanana.

Kuna jambo lingine lililonivuruga. Skopu ukishaiweka, unasogea kando. Watoto 12 wa shule wanapanga foleni na wote wanaona ndege yuleyule. Bino ni kama mswaki. Unaipanua kulingana na nafasi kati ya macho yako, unairekebisha kwa jicho lako la kulia, mwenzio akiichukua anaanza upya, na ndege hasubiri.

Hapo ndipo nilipopata jibu, na halikuwa la wawindaji. Ile ya mswaki ninunue mimi. Ile ya foleni si lazima iwe ya mtu mmoja. Nikachukua bino, maana kazi yangu huanza kwa kutafuta, na kama sijapata ndege hakuna cha kuelekezea skopu. Nikabaki na 8,000. Kisha nikawapigia wenzangu 7 ninaofanya nao kazi. Manze, sisi huchangia harusi na matanga kila mwezi, tunashindwaje na hii? Watu 8, kila mmoja 4,500. Skopu ikawa ya chama. Inazunguka kwa zamu, na Januari inatoka na kundi.

Zamu yangu ya kwanza niliipeleka Elementaita na Guka akiwa kiti cha mbele. Mtoto wa jicho ulimchukua jicho la kulia miaka mingi iliyopita. La kushoto lilifanyiwa upasuaji, linaona vizuri. Nilikuwa sijawaza hilo wakati wa hesabu zangu zote: kwa mtu wa jicho moja, bino ni nusu chombo, lakini kwenye skopu yeye na mimi tuko sawa.

Niliiweka mara 25, nikatafuta mwari waliokuwa wamesimama kwenye mawe, nikasogea. Akainama, mikono nyuma ya mgongo. Alikaa hivyo muda mrefu, kimya, kama mtu anayengoja amri.

"Nimewaona," akasema. "Sasa?"

Zamani swali hilo lilikuwa na jibu moja, na lilitoka kwa mtu mwenye bunduki. Nikafungua daftari.

"Sasa tunaandika, Guka. Hesabu."

Akarudisha jicho kwenye lenzi, akaanza kwa Kikuyu, polepole, kutoka kushoto. Alipofika 43 mmoja akaruka, akatukana, akaanza upya.