Minyoo ya Mbwa Wetu

Kwetu Lupepo, katika wilaya ya Rungwe, mbwa ni mlinzi. Usiku hulala nje karibu na migomba, na mwizi wa ndizi akipita hubweka mpaka nyumba nzima ikaamka. Kwa hiyo mbwa wetu alipozaa watoto wanne nilifurahi sana.

Hata juma la nne mtoto mmoja akavimba tumbo kama ngoma. Asubuhi moja akatapika minyoo myeupe iliyojikunja kama nyuzi. Mdogo wangu wa miaka 2 alikuwa amempakata, na kidole chake ki mdomoni. Baba alikasirika, akasema, "Kesho nawatupa wote mtoni, na mama yao pamoja." Bibi akacheka, akasema minyoo ya mbwa ni ya mbwa, haimdhuru mtu.

Mimi sikukubali hili wala lile, walakini sikuwa na la kujibu. Nikamsihi Baba anipe siku moja tu, nikaenda kwa Bwana Mifugo.

Alinieleza kwamba watoto wa mbwa huambukizwa minyoo hii na mama yao hata kabla hawajazaliwa. Minyoo hutaga maelfu ya mayai, nayo hutoka pamoja na mavi. Yai jipya halidhuru. Lahitaji majuma mawili au zaidi udongoni ndipo liweze kuambukiza. Udongo wetu wenye mvua na kivuli cha migomba huyatunza miezi mingi. Mtoto akila kwa mkono mchafu, mayai huanguliwa ndani yake. Maneno ya Bibi yalikuwa na ukweli kidogo, maana kwa kawaida minyoo hii haikomai ndani ya mtu. Lakini vijinyoo vyake hutangatanga mwilini, vikaingia ini, mapafu, hata jicho, na jicho laweza kupofuka.

Akanionya pia juu ya tegu dogo la mbwa. Huko Turkana, nchini Kenya, tegu hilo limewaletea watu wengi uvimbe wenye maji ndani ya ini, hata AMREF ikaanza mpango wa kuuzuia mwaka 1983. Mbwa hulipata kwa kula maini na mapafu mabichi ya mifugo yenye uvimbe huo. Basi tusiwatupie.

Nilirudi na dawa. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Haya, kazi ni yako." Watoto wa mbwa walipewa dawa kila majuma mawili mpaka wakatimiza miezi mitatu, na mama yao hupewa kila miezi mitatu. Kila asubuhi nafukia mavi yao shimoni, mbali na kisima, kabla mayai hayajakomaa. Mdogo wangu tulimpeleka zahanati akaonekana mzima, na sasa hanyoshi mkono kwenye chakula kabla ya kunawa kwa sabuni. Bibi ndiye amsimamiaye.

Wenzangu, msiwaue mbwa wenu wala msiwafukuze. Wapeni dawa, fukieni mavi yao, nanyi mnawe mikono.

Mwanafunzi wa Kidato cha 3