Nyumba ya Chatu

Waswahili husema kuwa aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Methali hii ilizaliwa na hofu ya kweli, na hofu hiyo ina haki yake. Katika mashamba na mbuga za Afrika ya Mashariki jina la chatu humkumbusha msikilizaji mnyama mkubwa awezaye kumviringa mbuzi mpaka pumzi zikamwisha, kisha akammeza mzima. Kwa hivi, mtu aliyelelewa katika hofu hiyo akiambiwa kuwa katika nchi za mbali wako watu wanaofuga chatu chumbani, wakampimia joto na kumtandikia makumbi ya nazi, hudhani anasikia hekaya. Walakini si hekaya. Ni kazi ifanywayo na watu wengi Ulaya na Marekani, na ndani ya kazi hiyo mna funzo kubwa juu ya mapenzi ya binadamu kwa kiumbe asiyeweza kuyarudisha mapenzi.

Chatu anayefugwa zaidi si yule wa mbuzi. Ni ndugu yake mdogo, ambaye kwa Kilatini huitwa Python regius, yaani chatu wa kifalme. Kwao ni Afrika ya Magharibi na ya Kati. Makao yake yaanza Senegal, yapita Ghana, Togo, Benin na Nigeria, na kwa upande wa mashariki yafika mpaka Uganda. Aghalabu urefu wa aliye mzima ni kati ya sentimita 90 na 150, na jike humshinda dume kwa ukubwa. Hana sumu. Mwili wake ni wa rangi ya kahawia iliyokoza, wenye mabaka ya rangi ya udongo mwekundu au dhahabu iliyofifia. Akiona hatari hakimbilii kuuma. Hujikunja akawa tufe, akakificha kichwa katikati ya mikunjo, akangoja dhiki ipite. Waingereza wametazama jina lake la Kilatini wakamwita wa kifalme. Wamarekani wametazama tabia yake wakamwita chatu wa mpira.

Huko kwao hushinda mchana katika mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa, na usiku hutoka kuwinda, mara chini, mara juu ya miti. Shimo ni nyumba ya hekima. Jua likiwa kali shimo lina ubaridi; usiku ukiwa wa baridi shimo lina joto lililobaki; kiangazi kikikausha majani ya juu, udongo wa ndani una unyevu. Chatu akihisi joto limempungua husogea nje kidogo, na akihisi limezidi huingia ndani zaidi. Hana mtumishi wala mganga; hana miguu wala mikono; lakini ana hiari ya kwenda, na hiari hiyo yamtosha kwa yote.

Hiari hiyo ndiyo inayokoma siku mlango wa sanduku unapofungwa nyuma yake. Tangu saa hiyo chatu hawezi kulifuata jua wala kuukimbia ukavu. Aliyefunga mlango amejitwika, ajue asijue, kazi ya jua, kazi ya mvua na kazi ya ardhi. Wengi hununua chatu bila kufahamu kuwa pamoja naye wamenunua kazi hizo tatu.

Msomaji na amfikiri kijana mmoja katika mji wa Uingereza, aliyenunua chatu wa umri wa mwaka mmoja kwa fedha za akiba yake. Hakuwa mkatili wala mzembe. Alimpa mgeni wake mahali bora katika chumba: sanduku pana la kioo, juu ya meza, karibu na dirisha, penye mwanga mwingi. Hakuweka ndani kitu cha kumsitiri, kwa kuwa alitaka kumwona. Kila jioni alimtoa akamviringisha mkononi, na rafiki walipomtembelea kila mmoja alipewa zamu ya kumgusa. Juma la kwanza alimpa panya, chatu akageuza kichwa. Juma la pili likawa vivyo hivyo. Mwezi ulipokwisha kijana alikuwa hapati usingizi. Kila chatu alipokataa, yeye alizidisha: alimtoa zaidi, alimshika zaidi, alimlaza kifuani ili apate joto la mwili wake, na panya alimsogezea mdomoni asubuhi na jioni. Kijana aliona kuwa anambembeleza. Chatu, kama angalikuwa na ulimi wa kusema, angalisema kuwa anawindwa.

Mfugaji mmoja mzee alipoitwa kutoa shauri, hakumtazama chatu kwanza. Aliuliza maswali matatu: upande wa joto una nyuzi ngapi; upande wa ubaridi una nyuzi ngapi; na mahali pa kujificha pako wapi. Kijana hakuwa na jibu hata la moja. Alijua siku aliyomnunua nyoka wake, bei yake na jina alilompa, lakini hakujua hali ya hewa aliyokuwa akiivuta.

Nyoka hajitengenezei joto la mwili kama mtu, huliazima nje. Akilikosa, chakula hakimeng'enyeki tumboni, na hata akimeza yamkini atatapika. Basi nyumba yake hapana budi iwe na pande mbili. Upande mmoja uwe na mahali pa kuotea joto penye nyuzi 31 mpaka 33 za sentigredi, na upande wa pili uwe na nyuzi 24 mpaka 27, ili mwenyewe achague kama ambavyo angalichagua shimoni. Taa au kitako cha kupashia joto kiongozwe na kidhibiti cha joto, maana nyoka aweza kulala juu ya kitu kinachomwunguza asiondoke. Vipimajoto viwe viwili, kimoja kila upande, kwa kuwa mkono wa mtu ni shahidi mwongo katika jambo hili.

Unyevu wa hewa uwe sehemu 60 mpaka 80 katika 100. Chini patandikwe kitu kinachohifadhi maji bila kuoza upesi, kama magome ya miti au makumbi ya nazi, yale yale ambayo watu wa pwani husokota kamba. Vumbi na maranda ya mierezi hayafai, kwa sababu mafuta yake humdhuru. Bakuli la maji safi lisikosekane. Wafugaji wengi wa siku hizi hutaja sanduku la sentimita 120 kwa urefu, 60 kwa upana na 60 kwa kimo kwa chatu mzima, lenye matawi ya kupanda. Lakini ukubwa peke yake si fadhila. Uwanja mtupu humtia hofu mnyama wa shimoni. Wakubwa wa nyumba hiyo ni mapango mawili madogo, moja upande wa joto na moja upande wa ubaridi, yenye giza na yenye kubana kiasi cha mbavu zake kugusa kuta. Likiwapo moja tu, chatu hulazimika kuchagua kati ya joto na usalama, na kiumbe mwenye hofu huchagua usalama hata akagonjeka. Mwisho, mlango uwe na kitasa madhubuti: chatu ana nguvu ya kusukuma, na usiku kucha wa kutafuta ufa.

Kijana aliyafanya hayo yote kwa siku moja. Sanduku liliondoka dirishani, kuta zake tatu zikafunikwa, mapango yakaingia, na chatu akaingia pangoni asionekane tena. Hapo ndipo ilipobaki kazi iliyo ngumu kuliko zote, nayo ni kutofanya neno. Mzee alimwagiza asimguse ila siku ya kumpima uzito kwa mizani ya jikoni, mara moja kwa juma, na asimpe chakula mpaka siku kadhaa zipite. Kijana alikaa chumbani na sanduku lililoonekana tupu. Alibadili maji, alisoma vipimo, aliandika uzito katika daftari. Juma la kwanza uzito haukupungua. Juma la pili haukupungua. Juma la tatu, usiku, taa ya chumba ikiwa imezimwa, alichukua panya aliyekwisha kufa, aliyetolewa katika barafu na kupashwa joto katika maji, akamshika kwa kibano kirefu mbele ya pango. Mdomoni mwa chatu mna vishimo vidogo vinavyohisi joto la windo hata gizani. Kichwa kilitoka polepole, ulimi ukaonja hewa. Kisha kwa kasi isiyofuatika kwa macho panya alikuwa ndani ya mikunjo mitatu. Kijana aliona furaha ambayo hakupata kuiona siku zote alizokuwa na nyoka mkononi. Kisha alifunga mlango, akamwacha siku mbili bila kumgusa, maana chatu aliyeshiba akisumbuliwa hutapika.

Isidhaniwe kuwa kila kukataa chakula ni kosa la mfugaji. Chatu wa kifalme ni bingwa wa saumu. Aliye mzima na mwenye afya aweza kukaa miezi kadhaa bila kula, hasa majira ya kupandana. Mchanga hulishwa takriban kila juma, mzima kila baada ya majuma mawili mpaka manne, na windo lisizidi sana unene wa kiwiliwili chake. Panya hai hafai, maana panya mwenye kupigania roho yake ana meno, na chatu wengi wamepata makovu kwa meno hayo. Daftari la uzito ndilo linalotenga saumu na ugonjwa. Uzito ukishuka upesi, au pumzi zikitoka kwa mlio na povu, hapo subira imekwisha kazi yake, na daktari wa wanyama aitwe. Vivyo hivyo macho yakigeuka kuwa na ukungu wa samawati, mfugaji asiogope: nyoka yu karibu kujivua gamba. Hewa ikiwa na unyevu wa kutosha gamba hutoka zima kama soksi. Ikiwa kavu hukatika vipande, vikabaki machoni na katika ncha ya mkia. Na mwenye kumshika anawe mikono kwa sabuni kabla na baada, kwa kuwa nyoka hubeba vijidudu vya salmonela bila yeye mwenyewe kuugua. Watoto wadogo wasimshike kabisa.

Mapenzi ya kutazama yana hatari nyingine iliyo mbali zaidi na sanduku la kijana. Tangu chatu mweupe wa kwanza alipototolewa mikononi mwa wafugaji wa Marekani mwaka 1992, rangi zimekuwa biashara kubwa, na leo aina za rangi na mabaka zahesabiwa kwa maelfu. Nyingi hazimdhuru mnyama. Lakini aina moja, iliyopewa jina la buibui kwa michirizi yake myembamba, huzaliwa na kilema: kichwa hutikisika, hupinda, na mara nyingine nyoka hukosa shabaha ya windo lake. Uzuri na kilema hicho vimo katika urithi mmoja, na hapana aliyepata kuvitenga. Hata hivyo wanunuzi waliendelea kuusifu uzuri, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Mjini Ouidah, nchini Benin, chatu huyu huyu ana nyumba ya namna nyingine. Ni hekalu la dini ya Vodun, linaloelekeana na kanisa kubwa la Kikatoliki, na ndani yake chatu hulala kwa makumi wakiwa wameviringana. Mara kwa mara usiku huachwa watoke kwenda zao mjini. Mwenyeji akimkuta mmoja ndani ya nyumba yake hamwui; humchukua kwa heshima akamrudisha. Nje ya mji kama huo bahati ya chatu si hiyo. Kutoka Benin, Togo na Ghana mayai na makinda yamekuwa yakikusanywa kwa ajili ya soko la ng'ambo, na wengine huuawa kwa nyama na ngozi. Biashara yake kati ya nchi na nchi hutakiwa vibali chini ya mapatano ya CITES, na shirika la IUCN limemweka katika daraja la viumbe walio karibu kuingia hatarini. Mwenye kununua, basi, ana wajibu wa kuuliza nyoka wake ametotolewa wapi. Watu wa Ouidah humheshimu chatu kwa kumfungulia mlango. Anayeufunga hana budi kuonyesha heshima yake kwa njia iliyo ndefu zaidi.

Urefu wa njia hiyo wapimwa kwa miaka. Mwaka 1961 mtu mmoja alimtoa chatu wake wa kifalme akaikabidhi bustani ya wanyama ya Saint Louis, Marekani. Mwezi Julai 2020 jike huyo, ambaye umri wake ulikisiwa kuwa zaidi ya miaka 60, alitaga mayai saba, ilhali hakuwa amekutana na dume kwa miaka isiyopungua 15. Katika muda huo watunzaji walikuja wakaondoka, na kila mmoja alipokea kwa mwenzake bakuli la kujaza, joto la kusoma na mlango wa kufunga. Wachache wataishi kama yeye, lakini miaka 20 au 30 si ajabu kwa chatu aliyetunzwa vema.

Kijana wa Uingereza huenda atamaliza masomo, ataoa, atahama nyumba, na sanduku litahama pamoja naye. Chatu hatamjua kwa jina wala hatamngoja mlangoni. Atatoka pangoni saa ya giza, ataonja hewa, na akiikuta kama ilivyompasa kuwa, atakwenda zake kuotea joto. Hiyo ndiyo shukrani yote anayoweza kuitoa, na mfugaji aliyejifunza kazi yake haidai nyingine.