SAUTI YA BABU NDANI YA KOMPYUTA

Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, nami leo nitaivutia kwetu, kwenye vilima vya majani chai kati ya Kericho na Bomet. Wasomaji wapendwa, wengi hudhani kwetu ni chai na mvua ya alasiri tu. Sivyo! Kuna nyimbo pia. Mwaka wa 1950, Hugh Tracey alifika Kapkatet na mashine yake, akawarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba "Chemirocha" kwa kinubi kiitwacho chepkong. Jina hilo ni la mwimbaji wa Marekani, Jimmie Rodgers, lilivyosikika masikioni mwa wenyeji waliosikia santuri zake. Rekodi ile ilitunzwa Afrika Kusini, na zaidi ya miaka 60 baadaye nakala zikarudishwa nyumbani. Je, ingezembewa, nani angewasikia wasichana wale?

Babu yangu hakurekodiwa na Tracey. Alikuwa mchuma chai na mwimbaji wa besi katika kwaya, na sauti yake ilibaki katika CD moja tu iliyochomwa mwaka wa 2004. Alifariki 2011, nikiwa na miaka mitatu. Radio ya nyanya iliyoweza kuicheza CD hiyo ilikufa zamani. Likizo moja alinikabidhi akisema, "Mjukuu wangu, sauti ya mzee imo humu. Usiniletee hadithi, niletee sauti."

Kompyuta za maabara yetu hutumia Linux. Mwenzangu mmoja alijaribu kuifungua CD kwa amri ya kufungulia diski za kawaida. Kompyuta ikakataa katakata. "Hiyo imekufa," wakasema. Wengine wakailaumu Linux. Mwalimu wetu wa kompyuta akacheka, akatueleza kuwa CD ya muziki haina mafaili. Sauti imeandikwa mfululizo, vipimo 44,100 kila sekunde kwa upande wa kushoto, na vingine kama hivyo kwa upande wa kulia. Kwa hiyo haifunguliwi kama kabati. Huchezwa na programu ijuayo kuisoma, kama VLC.

Tukaiwasha VLC. Nayo ikagoma! Mwalimu akachunguza kifaa cha kusomea diski, /dev/sr0, akaona kuwa ruhusa ni ya kikundi kiitwacho cdrom, nasi wanafunzi hatumo. Akatutia kikundini, tukatoka na kuingia upya. Nyimbo tisa zikaonekana, sekunde zikaanza kuhesabika, lakini maabara kimya kama kaburi.

Nikauliza: je, mgonjwa ni diski au ni kompyuta? Tukacheza wimbo mwingine uliokuwa tayari ndani ya kompyuta. Nao bubu! Basi diski haikuwa na hatia. Tukaandika alsamixer, na kumbe safu moja ilikuwa na alama MM, yaani imezibwa mdomo. Nikabonyeza M.

Lo! Kwaya ikajaa maabara nzima. Chini ya sauti zote ikapita moja nzito, ya polepole. Hakuna aliyehitaji kuniambia ni ya nani.

Wimbo wa tano ulikwama-kwama. Tukaifuta CD kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, wala si kwa kuzungusha. Kisha tukatumia cdparanoia, programu ambayo husoma penye mikwaruzo tena na tena. Nakala tukazihifadhi kwa mtindo wa FLAC, unaopunguza ukubwa bila kutupa chochote cha sauti. Haraka ilihitajika, maana CD ya kuchomwa ina rangi ndani yake ambayo huharibiwa na jua na joto.

Nilipofika nyumbani na nakala, nyanya alisikiliza wimbo wa tano mara tatu bila kusema neno. Mwishowe akatabasamu: "Hapo amechelewa kidogo. Siku zote alichelewa."

Wenzangu, tafuteni juu ya makabati na chini ya vitanda. Zipo CD za harusi, za kwaya na za wazee waliokwisha kwenda. Zileteni chamani, tuzinakili zingali zinasomeka. Mali bila daftari hupotea bila habari.