Korongo Wawili

Kwa Kiswahili, korongo ni jina la wawili: swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda kwenda nyuma na uso kama amevaa barakoa, na ndege wa miguu mirefu. Aprili iliyopita nilitoka Nairobi kumtafuta yule wa kwanza.

Tuliondoka Rangwe saa kumi na moja alfajiri, watu wanne kwenye gari la rafiki, tukateremka bonde la Lambwe hadi Ruma. Mbuga hiyo ilitengwa mwaka 1966 kwa ajili ya huyo korongo, na hakuna mahali pengine Kenya anapoishi porini. Wamebaki wachache mno. Tuliona twiga, tukaona kongoni, tukaumwa na mbung'o. Korongo, wapi! Nilirudi nimenuna.

Jioni binamu yangu akaniambia, "Si unataka korongo? Twende huku chini."

Tulifuata kijia kati ya mahindi na miwa mpaka kwenye kona ya kinamasi iliyobaki nyuma ya shamba letu. Kwenye matete walisimama wawili, wana taji la dhahabu kichwani, shavu jeupe, kidevu chekundu. Owang' winyo. Ni huyohuyo aliye kwenye bendera ya Uganda. Mmoja alikuwa amelalia mayai. Nilipokuwa mdogo walikuja makundi, wakicheza kwa kurukaruka na kuinamiana, na dani akitukataza kuwatupia mawe. Tangu mwaka 2012 wamo kwenye orodha ya kimataifa ya ndege walio hatarini, hasa kwa sababu vinamasi wanavyotagia vinakaushwa.

Chetu kilikaushwa na baba mdogo. Alichimba mitaro, akapanda sukuma na mikaratusi. Kona hiyo nayo alipanga kuisafisha wiki ileile.

Usiku nilimwomba aiache. Nilizungumza vizuri, hata nikataja utalii. Alinisikiliza hadi mwisho, akaweka kikombe chini.

"Wewe karo yako ya sekondari unafikiri ilitoka wapi?"

Sikuwa na jibu. Miaka minne ya shule ilitoka kwenye ile mitaro. Mimi ndiye niliyekula kinamasi, halafu nikaja na simu yangu kukililia.

Dani, ambaye tulidhani amelala, akasema kutoka chumbani, "Mwenye mayai hafukuzwi."

Baba mdogo alicheka. Akakubali kungoja mpaka makinda waweze kuruka, yaani miezi mitatu hivi. Baada ya hapo, alisema, tutaongea, na nije na pesa, si maneno.

Binamu hunitumia picha kila Jumapili. Makinda ni wawili, rangi ya udongo, hawajaota taji. Nimeanza kuweka akiba kidogo. Sijui kona ya kinamasi huuzwa bei gani.