Ndege Mdogo wa Uwanda wa Engikaret

Akina mama wenzangu, ukitoka Arusha kwa barabara ya Namanga, ukipita Oldonyo Sambu mashamba ya mahindi hupungua, na Mlima Meru hubaki nyuma. Mbele yako ni Engikaret, uwanda mkavu wa majivu ya volkano, nyasi fupi na vichaka vya miiba. Akina mama wa Kimasai hupita na punda waliobeba madumu ya maji. Mgeni hudhani hapa hakuna kitu.

Dereva wetu alitaka kukata njia katikati ya nyasi, lakini kijana wa Kimasai aliyetuongoza alikataa. "Mama, hapa tunatembea kwa miguu," aliniambia. "Ndege huyu hutaga chini."

Tulitembea kwa muda mrefu kabla hajanyosha fimbo yake. Alikuwa ndege mdogo wa kahawia, amesimama wima, mdomo mrefu, mkia mfupi wenye ncha nyeupe. Alikimbia, akasimama, akakimbia tena. Ni wa jamii ya vipozamataza, naye huitwa kipozamataza wa Beesley.

Mwaka 1966 mtaalamu C. W. Benson alimwandika kuwa tawi la kipozamataza wa kusini mwa Afrika, anayeishi Namibia, Botswana na Afrika Kusini. Lakini kati ya huyu na ndugu zake hao pana zaidi ya kilomita 1,000. Kwa hiyo baadhi ya wataalamu sasa humhesabu kuwa aina yake peke yake, Chersomanes beesleyi. Wengine bado humweka pamoja na wale wa kusini.

Ubishi huo si wa vitabuni tu. Akiwa tawi, tukimpoteza hapa jamaa zake watabaki kusini. Akiwa aina ya peke yake, hana kwao pengine ila uwanda huu wa kaskazini mwa Tanzania. Hupenda nyasi fupi, zile ambazo mifugo huzipunguza. Jembe la trekta likiingia, au magari yakizoea kupita juu ya viota, atakwenda wapi?

Bwana Yesu alipotaka kutufundisha jinsi Baba anavyotujali, alitaja shomoro, ndege wa bei ndogo. Nilikumbuka hilo tuliporudi garini, kila mmoja akitazama chini kabla ya kukanyaga. Ukisafiri na watoto njia hiyo, wafundishe nao kutazama wanapokanyaga.