Bando Limekwenda Wapi?

Swali hilo limevunja amani katika nyumba nyingi za Mwanza, na kwetu Nyegezi lilikuwa halikosi kila mwezi ukifika katikati. Umeme una LUKU ukutani: kila anayepita anaona uniti zilizobaki, na mwenye kupiga pasi anajijua. Maji yana mita. Dagaa pale Mwaloni Kirumba wanapimwa kwa sado mbele ya macho yako, na nyongeza unaiomba hapohapo. Bando je? Linahesabiwa huko mbali, wewe unaletewa ujumbe tu kwamba limekwisha. Basi kila mtu anamtazama mwenzake.

Kwetu aliyetazamwa sana ni mpwa wangu, kwa sababu ya seva. Neno ni kubwa kuliko chenyewe. Ni laptopu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, imelala juu ya kabati ikiendesha Luanti, gemu la bure la kujenga dunia kwa matofali, ambalo hadi 2024 liliitwa Minetest. Dada yangu alipofariki, watoto wake wawili waligawanywa. Mkubwa nilimchukua mimi, mdogo akabaki Nansio, Ukerewe, kwa mama yangu. Kwa meli ni karibu saa tatu, na nauli si ya kila wiki. Jioni ndugu hao walikutana ndani ya gemu, wakijenga nyumba.

Mke wangu hakuwa na ubaya na nyumba hiyo. Alichosema ni hiki: "Baba watoto, hiyo mashine haizimwi usiku na mchana, na bando halifiki mwisho wa mwezi. Hesabu mwenyewe." Maana yake ilieleweka. Hesabu ikikataa, mashine izimwe.

Nikaweka vnStat, programu ndogo ya Linux. Haifungui kilichomo. Inasoma tu hesabu ambayo kompyuta yenyewe inaiweka kwa kila mlango wa mtandao, kiasi kilichoingia na kilichotoka, kisha inaandika kwa saa, kwa siku, kwa mwezi. Ni kama karani wa posta anayepima uzito wa barua bila kuchana bahasha. Hilo nililipenda. Nilitaka kujua kiasi, sikutaka kuchungulia watoto wanaambiana nini.

Kuna jambo la kuangalia hapo. Anayecheza sebuleni kwa waifai hali bando: data inatoka kwenye simu, inapita kwenye ruta, inafika kwenye laptopu, na haijatoka nje ya nyumba. Mita ya laptopu inaihesabu, kampuni ya simu haiihesabu. Kinachokula bando ni cha Nansio. Sasa, laini za simu kwa kawaida hazikupi anwani yako mwenyewe ambayo mtu wa nje anaweza kuibishia hodi, kwa hiyo wale watoto tulikuwa tumewaunganisha kwa ZeroTier. Programu hiyo inatengeneza mlango wake ndani ya kompyuta, na vnStat inaweza kuupima mlango huo peke yake. Mlango mmoja, mtoto mmoja.

Halafu kuna kasi na kuna kiasi, na watu tunavichanganya. Kilobaiti 20 kwa sekunde ni kasi ndogo, hata laini dhaifu inaibeba. Lakini saa moja ina sekunde 3,600. Zidisha, unapata megabaiti 72. Saa moja kila jioni kwa siku 30 ni megabaiti 2,160, yaani gigabaiti mbili na kidogo. Tena zinalipwa mara mbili: zinapopanda kutoka kwetu, na zinaposhuka kwenye laini ya mama kule kisiwani.

Jedwali la mwezi wa kwanza lilionesha kwamba jioni za kujenga, wote wawili wakiwa mahali pamoja, zilikaa karibu na hesabu hiyo. Namba ziliruka siku walizoamua kutembea, kwa kuwa kila wanapofika pageni seva inalazimika kutuma vipande vipya vya dunia. Kuona mbali kuna gharama: ukipunguza umbali kwa nusu pande zote, ujazo unabaki moja ya nane. Tukapunguza. Mpwa wangu akalalamika kwamba milima imepotea. Nikamwambia hata ziwani kukiwa na ukungu visiwa hatuvioni, lakini vipo.

Na bando? Fungu la seva lilikuwa dogo. Sehemu kubwa ya kifurushi ilikwenda kwenye simu za wakubwa, kwa video zinazojicheza zenyewe na picha za magrupu. Mke wangu alilitazama jedwali, akacheka, akazima video zake. Kesi ikaisha.

Mimi sikuacha kulisoma lile jedwali. Mstari ulioandikwa 19:00, saa yetu ya moja usiku, ukawa kitu ninachokitafuta kabla ya kulala. Ukiwa na namba, najua mdogo alikuja. Mei 12, 2024, nyaya za intaneti za chini ya Bahari ya Hindi zilipopata hitilafu na nchi nzima ikasumbuka, mstari ule ulikuwa karibu mtupu. Wiki nyingine ulikuwa mtupu siku mbili mfululizo, na nilipopiga simu nikaambiwa mtoto ana malaria. Kwenye jedwali zile siku zilifanana kabisa. Mita inajua kwamba hakuja. Kwa nini hakuja, hilo lazima umpigie mtu simu.

Ndivyo megabaiti 72 za video na megabaiti 72 za ndugu wawili zilivyo na uzito mmoja kwenye kipimo. Kuamua zipi zikatwe ni kazi ya nyumba, si ya programu.

Sisi tuliamua hivi: seva inawashwa saa 1 hadi saa 2 usiku, na kila mwanzo wa mwezi natuma pesa ya bando Nansio pamoja na ile ya sukari. Mama hajui seva ni nini. Aliniuliza tu, "Mwanangu, huyu mtoto kila jioni anacheka na nani?" Nikamwambia, na kaka yake. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama saa moja inawatosha.